Kwa nini ndege haipiti njia ya mkato: historia fupi ya safari za mbali angani

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu ya majaribio ya katikati ya muhula, mtanivumilia. Juzi usiku pale hosteli ulizuka ubishi mkali, chanzo chake mshikaji mmoja aliyekuwa anafuatilia ndege kwenye simu yake. Mmoja akasema dunia inazunguka kwenda mashariki, kwa hiyo ndege ikipaa na kusubiri tu, Marekani itakuja yenyewe. Mwingine akauliza mbona ndege ya London kwenda Tokyo inapinda hivi kwenye ramani, rubani kalewa? Watu wa sayansi wakajibu ya kwao. Mimi wa historia nilikuwa na la kwangu refu, na kwa kuwa usiku ule sikupewa nafasi, naliandika hapa.

Tumalize kwanza la dunia kuzunguka. Hewa yote inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo, kwa hiyo ukining'inia angani hutaletewa Marekani. Kinachobadilisha muda ni upepo. Kule juu, kilomita kama 10 kutoka ardhini, kuna mikondo ya upepo yenye kasi sana inayotoka magharibi kwenda mashariki, hasa katika nchi za kaskazini. Ndege ikielekea nao inasukumwa, ikielekea kinyume inapambana nao. Ndiyo maana kutoka New York kwenda London unatumia muda mfupi kuliko kurudi.

Na la kupinda? Chukua tufe la dunia, lile la darasa la jiografia, na uzi. Weka ncha moja London na nyingine Tokyo, kisha vuta uzi mpaka ukaze. Utaona umepanda juu kabisa, unapita Siberia. Hiyo ndiyo njia fupi. Ramani ya ukutani imelazimisha dunia ya mviringo ikae kwenye karatasi bapa, kwa hiyo inadanganya. Ndege iliyopinda kwenye ramani mara nyingi imenyooka kuliko mstari wako wa rula.

Sasa hapo wengi wanaishia. Injini, upepo, uzi, basi. Lakini kuna kitu cha nne ambacho hakimo kwenye vitabu vya fizikia, nacho ni KIBALI. Ndege haipiti juu ya nchi ya watu mpaka wenye nchi wakubali. Ukiisoma historia ya safari za mbali kupitia Afrika utaona mara nyingi saa za abiria zimeamuliwa na kibali kuliko injini.

Tuanze mbali. Tarehe 4 Februari 1920 marubani wawili wa Afrika Kusini, Pierre van Ryneveld na Quintin Brand, waliondoka Uingereza wakielekea Cape Town. Ndege ya kwanza ikaharibika Korosko, Misri. Wakapewa ya pili, nayo ikaanguka Bulawayo. Wakamalizia na ya tatu na kufika tarehe 20 Machi. Siku 45! Ukihesabu muda waliokuwa angani peke yake ni kama masaa 109 tu. Siku nyingine zote ziliishia kwenye matengenezo, hali ya hewa na kusubiri ndege nyingine iletwe.

Jambo moja husahaulika. Viwanja walivyotua havikuota vyenyewe. Mwaka 1919 Waingereza walituma vikosi vya kuandaa mlolongo wa viwanja toka Cairo mpaka Cape. Kazi ya kufyeka misitu na kubomoa vichuguu vya mchwa ilifanywa na mamia ya vibarua Waafrika, kwa majembe na vikapu. Sehemu kama Ndola na Abercorn (siku hizi inaitwa Mbala, kule Zambia karibu na mpaka wetu) vichuguu vilikuwa vikubwa kama nyumba. Marubani wawili walipewa vyeo vya heshima na mfalme wa Uingereza. Majina ya vibarua hayamo popote.

Safari za ratiba zilikuja baadaye. Tarehe 28 Februari 1931 shirika la Imperial Airways lilianzisha huduma toka London kuja Afrika, na mwisho wa njia ulikuwa... Mwanza! Ndiyo, Mwanza hii hii ya sangara na mawe. Abiria mwanzoni waliishia Khartoum, ila barua zilifika mpaka ziwani. Mwaka 1932 njia ikarefushwa hadi Cape Town, ikipita Kisumu, Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Babu wa Dodoma wa miaka ile huenda aliona ndege ya kwenda Cape Town kabla hajaona lami.

Safari yenyewe ilikuwa kama kuhama. Ndege hazikuruka usiku, kwa hiyo kila jioni abiria walishushwa wakalale. Ilichukua siku zaidi ya 10. Na tazameni hili: kwa kipindi kirefu abiria walipofika Paris walishuka kwenye ndege na kupanda TRENI hadi Brindisi, kusini kabisa mwa Italia, kisha wakaendelea na ndege ya kutua majini kuvuka bahari hadi Misri. Kwa nini treni katikati ya safari ya ndege? Uingereza na Italia zilikuwa hazijaelewana juu ya ruhusa ya kupita angani. Huko kwingine, njia ya kwenda India ilipita pwani ya Uajemi, Waajemi wakakataa kuendelea kutoa ruhusa, na mwaka 1932 Waingereza wakahamia ng'ambo ya Ghuba, kwenye kiwanja kipya cha Sharjah. Kwa hiyo watu wa Ghuba, ambao leo ndio wanatubeba nusu yetu kwenda kila mahali, kiwanja chao cha mwanzo kilitokana na jirani kunyima kibali. Uzi kwenye tufe haukuhusika.

Kuanzia mwaka 1937 zikaja ndege kubwa za kutua majini, za kubeba abiria wasiozidi 24. Ziliondoka Southampton, zikafuata mto Nile na kutua Khartoum, halafu Port Bell kule Uganda, Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, Msumbiji na kuendelea mpaka Durban. Kwenye ratiba, safari nzima ilikuwa chini ya wiki moja. Watu wa Lindi mnaolalamika kila siku kwamba mmesahaulika, mjue kwamba bandari yenu iliwahi kuwa kituo kwenye njia ya kimataifa.

Tena haikuishia hapo. Juni 1940 Italia ilipoingia vitani upande wa Hitler, bahari ya Mediterania ikawa hatari na njia ya London ikakatika. Waingereza wakaunda njia nyingine yenye umbo la kiatu cha farasi: inaanzia Durban, inapanda pwani yetu kupitia Lindi, Dar es Salaam na Mombasa, inaingia Kisumu na Uganda, inafika Cairo, inageukia Iraki na Ghuba, India, Singapore, hadi Sydney. Barua ya toka Uingereza ilisafirishwa kwa meli ikizunguka Afrika mpaka Durban, ndipo ikapanda ndege. Yaani kwa muda fulani barua ya mwanajeshi wa Australia ilitua Lindi ikiwa njiani.

Vita ilipokaribia kwisha, mataifa yalikutana Chicago na tarehe 7 Desemba 1944 yakasaini mkataba ambao mpaka leo ndio msingi wa usafiri wa anga. Kifungu cha kwanza kinasema kila nchi ina mamlaka kamili, tena peke yake, juu ya anga lililo juu ya ardhi yake. Afrika karibu yote ilikuwa bado chini ya wakoloni wakati ule, kwa hiyo anga letu lilisainiwa na watu wengine. Kifungu hicho kishikeni, kitarudi.

Kisha ikaja jeti. Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza duniani ya ratiba ya kubeba abiria kwa ndege ya jeti. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na ikafika chini kidogo ya masaa 24. Toka siku zaidi ya 10 mpaka chini ya siku moja, ndani ya miaka 20. Miezi mitatu tu kabla, Februari 1952, Elizabeth alikuwa Kenya alipopata habari ya kifo cha baba yake. Alirushwa toka Nanyuki hadi Entebbe, akasubiri mvua ya radi ipungue, ndipo akapanda ndege ya mapangaboi kurudi London kuwa malkia. Hata malkia alisubiri mvua ya Entebbe.

Comet haikudumu vizuri. Ndege ile ile iliyofungua njia ya Johannesburg ilivunjikia angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954, na nyingine ikaanguka karibu na Naples tarehe 8 Aprili mwaka huo huo. Uchunguzi ukaonyesha bati la ndege lilikuwa linachoka kwa kujazwa na kupunguziwa hewa kila safari, na nyufa zilianzia kwenye pembe za matundu. Ndiyo maana leo dirisha la ndege lina kona za mviringo. Waliofuata walijifunza kwa roho za watu.

Sasa tufike kwenye kiini cha makala, maana haya mengine yote ni njia ya kufikia hapa.

Mwezi Mei 1963, Addis Ababa, viongozi wa nchi huru wakaunda OAU. Kati ya maazimio yao lilikuwemo la kuinyima Afrika Kusini ya Makaburu bandari na anga. Makao ya Kamati ya Ukombozi yakawekwa hapa Dar es Salaam. Jamani hebu fikirieni: nchi nyingi kati ya hizo zilikuwa na umri wa miaka miwili, mitatu. Hazikuwa na jeshi la maana, fedha wala viwanda. Lakini zilikuwa na kile kifungu cha kwanza cha Chicago. Anga ambalo jana lilikuwa la mkoloni leo ni lao. Silaha iliyokuwa tayari mkononi ni kusema HAPANA, HUPITI.

Matokeo yake, kuanzia Agosti 1963 ndege za Shirika la Ndege la Afrika Kusini hazikuweza tena kupita juu ya bara kwenda Ulaya. Ikabidi zishike njia ya bahari ya Atlantiki, zikizunguka lile tumbo la Afrika Magharibi. Zilitua Luanda, ambayo ilikuwa bado ya Mreno, visiwa vya Kanari, na baadaye kisiwa cha Sal kule Cape Verde. Kwa wenye tufe na uzi: Johannesburg kwenda London unakata katikati ya bara. Wao waliongeza kilomita nyingi na masaa kadhaa kila safari, kwenda na kurudi, kwa karibu miaka 30. Hayo ni mafuta, mishahara, muda wa abiria.

Walitafuta dawa. Mwaka 1976 walinunua Boeing 747SP, ndege fupi nene iliyotengenezwa kwa ajili ya kwenda mbali. Mwezi Machi mwaka huo moja ilitolewa kiwandani karibu na Seattle ikaruka moja kwa moja hadi Cape Town, kilomita 16,560 kwa masaa 17 na dakika 22, rekodi iliyodumu miaka mingi. Vitabu vya ndege vinaisifia kama ushindi wa uhandisi, na ni kweli. Lakini mteja mwenye shida alikuwepo kwa sababu ya azimio la Addis Ababa.

Je, silaha ile ilifanya kazi? Hapa ndipo mwanafunzi wa historia anatakiwa awe mkweli, asipige makofi tu. Ilizuia ndege za Afrika Kusini, haikuzuia ndege za Ulaya. Shirika la Uingereza liliendelea kwenda Johannesburg likipitia Nairobi. Kwa hiyo Mzungu wa Johannesburg aliyetaka njia fupi alipanda tu ndege ya Mwingereza, akanywa chai Nairobi, akafika mapema. Faida ikaenda London. Kuwafungia na hao kungemaanisha Kenya na wengine kupoteza watalii, mapato na mahusiano, na hakuna aliyekuwa tayari kwa hilo.

Halafu kuna Cape Verde. Ilipata uhuru Julai 1975, ikaongozwa na chama cha ukombozi kile kile kilichopigana Guinea-Bissau, ndugu kabisa wa mapambano. Ungetegemea wafunge uwanja wa Sal kesho yake. Hawakufunga. Ni visiwa vikavu, ukame wa kutisha, hakuna mto, na ada za uwanja ule zilikuwa kati ya mapato machache ya uhakika waliyokuwa nayo. Ndege za Makaburu zikaendelea kutua. Wasaliti? Nimeulizana swali hili na wenzangu darasani tukagawanyika. Mimi naona ni rahisi kuwahukumu ukiwa na mvua. Tanzania nayo iliingia gharama kubwa kwa ajili ya ukombozi, na najivunia hilo, lakini tulikuwa na mashamba. Ukimwambia mwenye kisima kimoja akifunge kwa ajili ya haki, umpe na maji ya kunywa.

Hata hivyo sikubali kwamba azimio lile lilikuwa bure. Kila ndege iliyozunguka ilikuwa tangazo: hawa wametengwa. Mwaka 1986 Marekani ilipitisha sheria iliyozuia ndege hizo kutua kwake, miaka 23 baada ya Addis Ababa. Nchi changa zilitangulia, tajiri zikafuata. Mapema miaka ya 1990, sheria za ubaguzi zilipoanza kufutwa, anga likafunguliwa na njia ikanyooka tena. Leo London na Johannesburg ni kama masaa 11 bila kutua.

Msidhani mambo haya yameisha. Wakati wa vita baridi, anga la Urusi ya Kisovieti lilifungwa, kwa hiyo Ulaya kwenda Japani walizungukia Anchorage kule Alaska, njia iliyofunguliwa na SAS mwaka 1957. Mwaka 1983 Finnair ya Finland ikaanza kwenda Tokyo bila kutua kwa kupitia ncha ya kaskazini ya dunia, kama masaa 13. Vita baridi ikaisha, Siberia ikafunguka, ikawa masaa 9 hivi. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, anga likafungwa, na ndege ya Finnair ikarudi kwenye masaa 13. Karibu miaka 40 ya kompyuta na injini bora, na abiria yuko pale pale!

Jirani zetu pia. Kuanzia Juni 2017 hadi Januari 2021 Qatar ilifungiwa anga na Saudia, Falme za Kiarabu, Bahrain na Misri, ndege za Doha kuja huku kwetu zikawa zinazungukia Oman na bahari ya Hindi. Aprili 2023 vita ilipoanza Sudan, anga lake likafungwa, na ndege za Ulaya kuja Afrika Mashariki zikalazimika kupita pembeni. Khartoum ile ile ambayo tangu 1931 ilikuwa njia panda ya kila safari ikawa mahali pa kukwepa.

Na sisi wenyewe? Afrika Mashariki tulikuwa na shirika moja la ndege tangu 1946, likavunjika mwaka 1977 pamoja na Jumuiya, kila mmoja akachukua mabawa yake. Mwaka 2020, wakati wa korona, Tanzania ilizuia ndege za Kenya Airways kuanzia tarehe 1 Agosti hadi katikati ya Septemba, baada ya Kenya kutuacha nje ya orodha yake. Januari 2024 tena tukatangaza kuzuia safari za Nairobi na Dar kwa ugomvi wa ndege ya mizigo, yakamalizwa haraka kwa mazungumzo. Hii ni safari isiyofika saa moja na nusu! Huku Nairobi kwenda New York moja kwa moja, njia iliyoanza Oktoba 2018, ni kama masaa 14 au 15 na hakuna anayeigombania.

Hapo ndipo ninapoumia. Kifungu kile tulikitumia mwaka 1963 dhidi ya ubaguzi, na hata Cape Verde waliposhindwa kufunga, sababu yao ilikuwa njaa. Leo tunakitumia kukomoana wenyewe kwa wenyewe, na anayelipa ni mama wa Kariakoo aliyekata tiketi ya kwenda kufuata mzigo, au mgonjwa mwenye miadi hospitali ya Nairobi. Mwaka 2018 nchi 23 za Afrika zilizindua soko la pamoja la usafiri wa anga kule Addis Ababa, mji ule ule wa azimio la 1963. Ni wazo zuri, lakini kusaini ni rahisi, kufungua ndiyo kazi.

Kwa hiyo mkiona ndege inapinda kwenye simu, kabla ya kumlaumu rubani jiulizeni mambo manne: uzi unapita wapi, upepo unavuma wapi, injini inafika wapi, na nani amekataa. La nne mtalipata kwenye historia, kozi ambayo baadhi yenu mnasema haina ajira, hehehe.

Wa Lindi, Mwanza na Kisumu: kama nyumbani kuna mzee anayekumbuka ndege zilizotua majini, muulizeni sasa hivi akiwa bado yupo, kisha mniandikie hapa chini. Mimi nina pindi saa mbili asubuhi na bumu bado halijatoka, ngoja nikalale. Alamsiki.